Wana-Arusha: Jumamosi ya ngoma na shanga ilinitoa kitandani, halafu likaja tamasha la afya likataka kuiua

Dereva wa Pori (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili tangu enzi za simu za batani, nachangia mara moja moja kwenye mambo ya magari. Leo naleta kitu tofauti, na ni kirefu. Asiye na muda aruke, asinitukane.

Mimi ni mkazi wa Sombetini hapa Arusha. Nimeendesha watalii miaka 14. Mwezi wa tatu 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege vya watu, kampuni ikatuambia tukapumzike nyumbani "wiki mbili tatu". Mnaukumbuka mji huu mwaka ule. Magari ya pori yamepangwa uani yanaota vumbi, vijana waliozoea kubeba mizigo mlimani wanauza barakoa stendi.

Sikuugua kitu unachoweza kumwonyesha mtu. Nilikuwa nalala saa tatu usiku, saa nane niko macho, natazama bati hadi adhana ya alfajiri. Mgongo unauma, tumbo linauma. Nimepima kila kitu, majibu safi. Nikaanza kumkaripia mke wangu kwa vitu vya kijinga, mara kifuniko cha sufuria, mara pazia. Dada yangu wa Ngarenaro ndiye aliyenipasulia: "Kaka, wewe huumwi mgongo." Akasema Jumamosi ananipitia tuna mahali pa kwenda. Nikajua ni maombi.

Kumbe ni uwanja wa shule ya msingi, nyuma ya madarasa, chini ya mjakaranda. Watu kama 20 hivi. Mwalimu mmoja mstaafu ana ngoma zake 3. Upande wa pili akina mama wa Kimaasai na Kiarusha wamekaa kwenye mkeka na visahani vya shanga. Sufuria ya chai iko kwenye mafiga. Hakuna bango, hakuna spika, hakuna anayeandikisha majina. Nikasimama pembeni kama mtu anayesubiri kifodi.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi la mwezi wa saba la Arusha mnalijua. Ngozi za ngoma zilikuwa zimelegea kwa unyevu. Ukipiga inalia *bu*, kama unapiga gunia la mahindi. Mwalimu hakuniuliza jina wala shida yangu. Akanisukumia ngoma: "Baba, hebu ioteshe moto hii." Nikakusanya majani makavu ya mgomba, nikawasha, nikawa naizungusha ngoma juu ya ule moto huku naipapasa ngozi kusikia joto. Ukiishusha sana utasikia harufu ya kuungua, ukiiinua sana haikazi. Dakika kama 10. Nikaigonga kwa kidole ikaitika *ti*. Mwalimu akaichukua, akaipiga mara mbili, akaniletea ya pili.

Wakuu, ile ilikuwa kazi ya kwanza kupewa na mtu kwa miezi minne, na nimeimaliza. Usiku ule nililala hadi saa 11.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi ngoma inatibu. Baadaye nilikwenda pia kwa daktari, nikakaa naye mara kadhaa, akaniambia jina la kilichokuwa kinanisumbua: sonona. Yule daktari alinisaidia sana. Lakini nakiri mbele yenu kwamba bila zile Jumamosi nisingefika kwa daktari huyo, maana kitandani nisingetoka.

Kinachofanyika pale ni kidogo tu. Saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni. Tunaanza na shanga, halafu ngoma, siku nyingine mashairi, siku nyingine watoto wanachora kwa mkaa ukutani na mvua inafuta. Sheria ni moja, hakuna mtazamaji. Hata ukija na mguu wa plasta utapewa manyanga ushike. Na kila mtu anakuja na kikombe chake, kwa sababu vikombe vya kikundi viliisha kuvunjika na kuibiwa tukachoka kununua.

Yuko mama mmoja, sitamtaja, alipata kiharusi upande wa kulia. Mkono ulibaki umejikunja kifuani kama ameshikilia kitu asichotaka kukiachia. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimpa mpira wa kuminya nyumbani. Anasema aliuminya siku 3 akaona upuuzi, akampa mjukuu. Pale mkekani akapewa uzi na sahani ya shanga. Mwezi wa kwanza kwa saa nzima alikuwa anaingiza shanga 5 au 6. Nyeupe, nyekundu, bluu. Ikimponyoka anasonya, anatafuta nyingine. Hakuna aliyemwambia "jitahidi mama". Wenzake walikuwa wanamsema, kwamba bangili yake atavaa sisimizi. Mwaka jana alivaa mwenyewe bangili ya mistari 4 aliyoitunga. Je, mkono umepona? Haujapona. Kufunga kifungo cha blauzi bado anasaidiwa. Lakini sukari kwenye chai anajikorogea mwenyewe, tena anakoroga kwa fujo makusudi tumsikie.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Shirika moja (silitaji, msiniulize) lilisikia habari zetu. Wakaja na wazo zuri tu, "tamasha la sanaa na afya". Jukwaa la chuma, spika ukubwa wa kabati, fulana, msanii kutoka Dar, hema la kupima presha na sukari. Watu walifurika, nisiwe mnafiki. Watu wengi walipimwa siku ile ambao wasingepimwa, na wako waliogundulika wana presha ya kutisha wakapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Hilo ni jema kabisa.

Mgeni rasmi alipangwa saa 4 asubuhi, akaingia saa 7. Kikundi chetu kilipewa dakika 6 za "burudani". Yule mama wa kiharusi akawekwa kwenye kiti mbele, akapigwa picha akiwa na shanga mkononi. Kwa mara ya kwanza tukawa na watazamaji.

Mwisho wa siku kila mwanakikundi akasaini karatasi, akapewa shilingi 10,000 ya nauli. Nauli ya kutoka wapi? Tunaishi palepale, wengi wanakuja kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu 60, nusu siwajui. Wakauliza karatasi ya kusaini iko wapi. Tukawaambia hapa hakuna karatasi, kuna chai. Jumamosi ya pili 30. Ya tatu 8, na kati ya waliopotea wamo wa zamani kabisa, ambao kabla ya hapo walikuwa wanakuja hata mvua ikinyesha. Mmoja nilimfuata nyumbani. Akaniambia, "Mdogo wangu, kumbe kile kitu kina hela, na nyie mnakula wenyewe." Maneno yale yaliniuma kuliko corona.

Ilituchukua karibu mwaka kurudi watu 20.

Naomba kusikia kwenu, hasa walioko Moshi na huku kwetu wanaofanya vitu vya namna hii. Sanaa ya mtaani inayosaidia watu afya mnaiendeshaje bila kuuawa na hela? Naomba kuwasilisha.

---

Mjukuu wa Laibon

Uzi bila picha ni batili mkuu.

---

Dereva wa Pori

Picha hakuna na hazitakuwepo. Tangu lile tamasha simu zinakaa mfukoni saa zote mbili. Kuna watu wanakuja pale ambao hata majirani zao hawajui wanaumwa nini.

---

Nesi Mstaafu

Mwanangu, umenigusa. Nimefanya kazi ya unesi miaka 33, niko Usa River sasa na kuku wangu.

Wengi humu hamkuwepo mwaka 1973. Mimi nilikuwa darasa la tano, Machame. Serikali ilianzisha kampeni ya "Mtu ni Afya". Ilikuwa ya redio. Lakini haikuwa redio ya kukaa kitako na kusikiliza. Watu walijiunga vikundi vidogo, kila wiki mnakutana mahali pamoja, mnasikiliza kipindi, yuko kiongozi wenu mwenye kitabu anasoma, halafu mnabishana, halafu mnaondoka na kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Ikaenda wiki 12. Nchi nzima walishiriki watu wazima kama milioni 2. Baba yangu alikuwa kwenye kikundi na nakumbuka wimbo wa ufunguzi ulivyokuwa ukilia watoto tunakimbilia dirishani.

Baba alichimba choo kwa sababu wenzake wa kikundi walishachimba, na kila wiki walikuwa wanamwuliza. Hakuna hotuba iliyomfanya achimbe. Angekuwa amehudhuria mkutano wa hadhara mmoja na waziri, angepiga makofi akarudi nyumbani.

Kwa hiyo hicho chako si kigeni hapa nchini. Kimesahauliwa tu.

Na hilo la nauli, nimeliona kwenye chanjo, nimeliona kwenye semina za uzazi. Ukishamlipa mtu kwa ajili ya afya yake mwenyewe, siku usipomlipa anaona umemwibia.

---

Kamanda wa Kijenge

Mimi ntakuwa mbaya leo. Hospitali unakwenda unaambiwa dawa kanunue nje, nyie mnatuambia tupige ngoma? Hiki ndicho wakubwa wanapenda kusikia. Kesho utasikia bajeti ya afya inakatwa kwa sababu wananchi wana shanga. Presha inatibiwa kwa vidonge, tena kila siku. Nina shangazi aliacha vidonge akafuata maombi na majani, tulimzika.

---

Dereva wa Pori

Kamanda pole sana kwa shangazi. Na hauko mbaya, umesema kweli. Pale kwetu wenye presha ni wengi na hakuna anayeambiwa aache dawa. Kinyume chake, wanaulizana. Mtu akikosa Jumamosi mbili anafuatwa, na swali la kwanza ni "unakunywa dawa?" Mzee mmoja alikuwa anakunywa kidonge siku akisikia kichwa kinauma tu. Aliyemgundua ni bibi anayepiga naye manyanga. Kliniki hawakuwa wanajua.

Dawa zipatikane, tupiganie hilo pamoja. Sioni kwa nini mtu achague kimoja.

---

Kamanda wa Kijenge

Hapo kwenye kuulizana dawa nakubali. Kwingine nimekaa palee naangalia.

---

Msomi wa Njiro

Naomba niongeze nyama kidogo, kazi yangu iko karibu na mambo haya.

Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya: kuimba, kucheza, kuchora, michezo ya kuigiza, vyote. Kwa ujumla wakakuta sanaa inasaidia kwenye kuzuia magonjwa, kukuza afya na kumsaidia anayeishi na ugonjwa. Si tafiti zote zina uzito sawa, nyingine ni ndogo, kwa hiyo Kamanda ana haki ya kukunja uso. Lakini sio porojo.

Kuna moja naipenda zaidi kwa sababu inahusu hasa alichosema mleta uzi. Watafiti wa Oxford, mwaka 2015, walichapisha matokeo ya kufuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi 7. Wengine walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono, wengine uandishi. Mwanzoni waimbaji walizoeana haraka kuliko wote. Kufika mwezi wa 7 madarasa yote yakawa yamezoeana sawasawa. Mnaona? Wimbo unavunja ukimya mapema, ila hata anayetunga shanga anafika hukohuko, mradi anarudi kila wiki. Tamasha la siku moja halina mwezi wa pili.

Halafu hesabu ndogo. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayecheza ngoma saa moja Jumamosi ameshapata 60, na hajaita mazoezi.

---

Alto wa Pili

Jamani mbona mnaongea kama huku kaskazini sanaa imeanza jana? Kwaya! Kila usharika, kila jumuiya, mazoezi mara mbili kwa wiki. Nimeimba miaka 19. Mume wangu alipofariki, kwaya walikuja siku 9 mfululizo. Sijawahi kukaa peke yangu nikafikiri mambo mabaya, hawakunipa nafasi. Usiku saa 4 bado wapo, mtu anaosha vyombo, mwingine anaimba taratibu jikoni.

Ila nitasema na upande wa pili. Niliacha kwaya mwaka juzi, sababu ni presha. Presha ya michango. Sare ya pasaka, sare ya uzinduzi wa albamu, sare ya kusindikiza mchungaji. Kitenge kilekile tofauti ni ua. Na mashindano! Mwalimu wa kwaya anamtukana mtu mbele za watu kwa kupotea nusu sauti. Kwa hiyo kuimba kuna afya, mpaka kugeuke kazi.

---

Kijana wa Pasua

Alto umenivunja mbavu na ua la kitenge.

Niko Moshi. Kwa Waislamu wenzangu niseme tu, dufu na kaswida vinafanya kazi hiyohiyo, wazee wetu Majengo wanajua. Na asiye wa kanisa wala msikiti aende wapi? Ndiyo maana vitu kama vya mleta uzi vinahitajika.

Kuhusu matamasha, sisi tuna Kilimanjaro Marathon, tangu 2003. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi mji unafurika, hoteli hakuna, uwanja wa Ushirika pale hapatoshi. Mimi nakimbia ile ya kilomita 5 na fulana ninazo saba. Jumatatu asubuhi ukipita barabara zilezile hukuti hata mtu mmoja anayetembea kwa haraka. Siipondi, inaleta hela mjini. Lakini mtaani kwetu kilichobadilisha watu ni wazee 6 hivi waliostaafu, kila Jumapili jioni wanatembea kutoka Pasua kwenda upande wa Njoro, wanaimba njiani nyimbo za jeshi la kujenga taifa. Walianza wazee 6, sasa hivi sijui ni 30. Hawana jina, hawana kiongozi. Anayetangulia ni mwenye sauti siku hiyo. Mama yangu ana sukari, yumo, na akirudi analala kama mtoto.

---

Mchizi wa Unga L.T.D

Oya wakuu, mnasema watu, watu. Hesabuni wanaume hapo. Bibi, mama, dada. Machalii wako wapi? Hutomkuta chalii wa Chuga, Arusha yetu hii, anatunga shanga kwenye mkeka, tusidanganyane.

Sisi kijiwe chetu kiko jirani na gereji. Tunachana. Chuga na hip hop haianzi kwetu, kina X Plastaz, kundi la hapahapa, walishachanganya rap na sauti za Kimaasai zamani, kwa hiyo hata mmaasai wa shuka anakaribishwa kuchana na anachana. Kila Jumatano usiku kuna mada moja. Hatuiti "afya ya akili", ukiita hivyo hamna anayetokea. Mada inaitwa "kodi ya nyumba". Au "dingi yangu". Kila mtu mistari 8, beati ni kupiga makopo ya oili.

Kuna mshkaji mmoja fundi, mkimya. Mada ilikuwa "msosi". Akatoa mistari kwamba anarudi nyumbani usiku sana makusudi, watoto wawe wamelala, wasimwulize amekuja na nini. Watu walianza kucheka kwa mtindo wa kijiwe. Halafu kopo likanyamaza. Hamna aliyesema pole wala nini. Mwenye gereji asubuhi akamwambia aje aoshe magari mpaka kazi zake zirudi. Hilo tu.

Angeitwa kwenye semina aeleze shida zake angesema yuko freshi.

---

Nesi Mstaafu

Mchizi, wewe unafanya kazi ambayo mimi na cheti changu niliishindwa. Wanaume walikuwa wanafika kwangu wameshachelewa. Na wanaogopa kusema, wengine wanajua kwamba sheria zetu bado zinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo hata aliyeponea chupuchupu anasema alikosea dawa. Ukimwona mwenzako pale kijiweni mistari yake inazidi giza wiki hadi wiki, usisubiri Jumatano. Mshike mkono mwende naye hospitali, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

---

Msomi wa Njiro

Mama umetaja benchi, umenikumbusha Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza Harare kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Walipoupima mradi kwa watu 573, waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kinachohusu uzi huu ni kinachofuata: mtu akimaliza vikao vya benchi anaingia kwenye kikundi, na huko wanakaa duara wanafuma mifuko kwa plastiki zilizotumika. Wanafuma huku wanaongea. Mikono ina kazi, macho yako chini kwenye uzi, huna haja ya kumtazama mtu usoni unapotoa la moyoni. Nikisoma habari ya mkeka wa Sombetini naona kitu kilekile.

---

Dereva wa Pori

Msomi hilo la macho ni kweli tupu. Yale makubwa yote niliyoyasikia pale, mtu anayasema ameinama, anatafuta tundu la shanga.

---

Zamu ya Usiku

Samahani wana-uzi. Mimi ni mlinzi, nalala mchana. Nakaa karibu na kikundi kingine cha ngoma, sio cha mleta uzi, sitasema mtaa. Afya yao ni ugonjwa wangu. Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 6 mchana, ngoma na spika. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akaniambia na yeye anacheza.

---

Dereva wa Pori

Pole kiongozi. Na sisi tulikuwa na jirani kama wewe, nesi wa zamu. Ndiyo sababu tunaanza na shanga, ngoma zinaingia saa 10 akiwa ameshaamka. Siku hizi anakuja naye, tena ndiye anayetupima presha bila hema. Wafuate jioni wakiwa wanakunywa chai, usiwafuate wakiwa wanapiga.

---

Bibi Harusi wa Moshono

Mimi nataka vitu vya mkononi. Nataka kuanza Moshono, tuko akina mama 5. Inagharimu nini? Kibali je?

---

Dereva wa Pori

Kwetu ukitoa kuni za kuokota, kinachonunuliwa ni sukari, majani, tangawizi na maziwa, na hivyo vinachangwa na aliyekuwa nacho. Siku hakuna maziwa ni chai ya rangi, hakuna aliyekufa. Shanga akina mama wanakuja nazo, kinachouzika ni chao wenyewe, kikundi hakichukui hata senti. Tulijaribu kuchukua asilimia mara moja, ugomvi wake sitaki kuusimulia. Rangi za kuchorea ziliisha wiki 2, ndipo tukaenda kwenye mkaa.

Tulimwona mwalimu mkuu kwa ajili ya uwanja na mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya amani. Mkitaka kuweka jukwaa, kiingilio na msanii, hapo mmeingia kwenye vibali vya sanaa, mwanzieni afisa utamaduni wa halmashauri. Chai na mkeka havijawahi kuniletea mtu wa kuniuliza kibali.

Masika ndiyo adui. Mwezi wa nne tunahamia veranda ya madarasa, ngoma moja tu kwa sababu mwangwi unaumiza masikio. Idadi inashuka. Msikate tamaa mwezi wa nne.

Na mkipata mfadhili, mwambieni anunue sufuria. Sufuria kubwa. Karatasi ya kusaini arudi nayo.

---

Alto wa Pili

Sare je? 🤣

---

Dereva wa Pori

Sare ni kikombe.

---

Mjukuu wa Laibon

Nimesoma wote mpaka chini, picha sitaki tena. Swali moja. Yule mzee aliyesema "mnakula wenyewe", alirudi?

---

Dereva wa Pori

Alirudi. Sikumwita. Alikuja siku moja mvua imetoka kunyesha, akasimama pale pale niliposimama mimi siku ya kwanza. Ngoma zilikuwa zimelowa unyevu. Mwalimu akamsukumia moja, akamwambia aioteshe. Akasema majani yamelowa, hayawaki. Mwalimu akamwambia atafute makavu. Alizunguka kama nusu saa akarudi na gazeti kuukuu la dukani. Ngoma haikukaza vizuri siku ile, tuliipiga hivyohivyo.

---

Bibi Harusi wa Moshono

Jumamosi hii mpo? Nije na wenzangu tuone kwanza.

---

Dereva wa Pori

Tupo, saa 9. Ila kuona tu hakuna, mtashikishwa kitu. Njooni na vikombe.